Kompyuta moja, vifo viwili

Simu iliingia saa mbili kasoro asubuhi. Sijamaliza hata shikamoo, Mama mwenye stesheneri akanikatiza: "Fundi, imezima tena. Nina watoto wanane hapa mbele wanataka fomu za mkopo, na mmoja kaja na mzee wake."

Ilikuwa Julai. Kwa stesheneri za Ngamiani, hapa Tanga, huo ni msimu wa mavuno. Waliomaliza kidato cha sita wanaomba mikopo ya chuo, na fomu zinajazwa mtandaoni, zinachapwa, zinapelekwa kugongwa muhuri, zinaskaniwa na kupandishwa tena. Kompyuta ya duka ikilala nusu siku, wateja wanavuka barabara kwenda kwa jirani.

Kilichoniuma ni kwamba jana yake jioni nilikuwa nimetoka dukani humohumo. Nimelipwa, nimepewa na soda, na kwa mdomo wangu nikamwambia, "Mama, hii haitakusumbua tena." Haikufika hata saa kumi na tano.

Nianze nyuma kidogo. Mashine yenyewe ni ya mezani, ya kuunganishwa, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i3 kizazi cha nne, Windows 10 na printa ya leza nyeusi pembeni. Ilianza kujizima Aprili. Fundi wa kwanza akapiga Windows mpya. Ikakaa siku mbili, ikazima. Akapiga tena. Mwezi Juni akasema kompyuta "imezidiwa", akaiongezea kijiti cha GB 4 cha RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi zake, ili kuipa nguvu, kisha akapiga Windows kwa mara ya tatu. Mama anakumbuka kwamba mara hiyo Windows iligoma kuingia mara mbili, fundi akalaumu fleshi, akaenda kuleta nyingine. Kakumbukumbu hako kadogo ndiko kalikonipa mwanga siku ya kwanza, nami nikakazania mpaka nikasahau mengine.

Simlaumu sana mwenzangu. Kupiga Windows ni kazi ya saa moja na nusu, mteja anaona kitu kinafanyika, na mara nyingi kweli shida huwa ya programu. Lakini ukishapiga Windows mara mbili na ugonjwa ukarudi na sura ileile, ya tatu ni sadaka.

Siku ile ya kwanza nilifika nikaanza na swali ambalo huuliza kila mteja: inazimaje? Mama akajibu kama wanavyojibu wengi: "Inazima tu." Basi nikafungua Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika yaliyoipata. Kila kompyuta inapoondoka bila kuaga, ikiwaka tena huandika tukio namba 41 la Kernel-Power. Watu wakiona neno "Power" hukimbilia kusema umeme. Tukio hilo halisemi hivyo. Linasema tu kwamba safari iliyopita haikuisha vizuri. La maana liko ndani, kwenye maelezo, penye mstari wa BugcheckCode. Windows ikipata muda wa kujua kwamba inakufa, huacha pale namba ya sababu. Isipopata muda, pale pana sifuri.

Kwenye mashine ya Mama palikuwa na matukio kumi na manne tangu Windows ya mwisho ilipopigwa. Baadhi yalikuwa na namba 26, mengine 80, moja 59. Daftari hilo huandika kwa hesabu ya kawaida, kwa hiyo ukitaka kuzitafuta ni lazima uzigeuze ziwe za hesabu ya kumi na sita, zinazoanza na 0x: 26 ni 0x1A, usimamizi wa kumbukumbu, 80 ni 0x50, programu kuomba ukurasa wa kumbukumbu usiokuwapo, 59 ni 0x3B, huduma ya mfumo kukosea njia. Sababu tatu tofauti kwenye mashine moja ndani ya wiki tatu. Dereva mbovu (programu ya kuendesha kifaa kama printa) huelekea kufa kifo kilekile kila mara, tena mara nyingi huacha jina lake. Sababu zikiwa zinabadilikabadilika bila mpangilio, mimi huanza kuitilia shaka RAM, kwa kuwa kila kitu hupita humo na yeyote anaweza kuangukia shimo.

Mama hakuwahi kuiona skrini ya bluu kwa sababu Windows ilivyowekwa hujiwasha upya yenyewe mara baada ya kufa. Bluu inapita kama kivuli. Nikaingia kwenye mipangilio ya mfumo, nikaondoa tiki ya kujiwasha upya, ili ikifa tena ibaki imesimama isomwe.

Mengine nane kati ya yale kumi na manne yalikuwa na sifuri. Niliyaona. Nikajiambia, hiyo itakuwa umeme umekatika, hapa ni Tanga. Nikapita.

Kabla ya kugusa chochote kulikuwa na kazi za Mama: miaka mitano ya barua, CV za watu, mitihani ya shule mbili za jirani. Hapa kuna mtego. Ukishashuku RAM, usinakili mafaili ya mteja kwa kutumia mashine hiyohiyo. Faili likisafiri kutoka diski kwenda fleshi hupitia kwenye RAM, na biti moja (chembe ndogo kabisa ya data) ikigeuka njiani unakuwa umehifadhi nakala mbovu ukidhani umeokoa. Nilichomoa diski, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu kwa kebo ya USB, nikanakili huko. Diski yenyewe ilikuwa salama: sehemu zilizoharibika sifuri, zinazoshukiwa sifuri.

Kisha nikawasha MemTest86 kutoka kwenye fleshi. Programu hii haihitaji Windows. Inawaka peke yake, inaandika mifumo ya namba kwenye kila kona ya RAM na kuisoma tena kuona kama kilichowekwa ndicho kilichotoka. Ndani ya dakika kumi na moja mistari myekundu ikaanza. Biti ileile, eneo lilelile.

Wengine wakifika hapo hutazama anwani ya kosa na kukisia ni kijiti kipi. Usifanye hivyo. Vijiti viwili vikifanya kazi kwa pamoja, kompyuta hugawanya anwani kati yao kwa zamu, hivyo anwani ya juu haimaanishi kijiti cha pili. Niliacha kimoja, nikapima. Nikakitoa, nikaweka kingine, nikapima. Kisha kile kilichokosea nikakihamishia tundu la pili nikapima tena. Kosa likakifuata kijiti. Tundu ni zima, kijiti ndicho kibovu, na kilikuwa kile kilicholetwa Juni kuongeza nguvu.

Kila kitu kikakaa mahali pake. Windows iligoma kuingia mara mbili kwa sababu mafaili yake yalikuwa yakiharibika wakati wa kufunguliwa kwenye RAM mbovu; fleshi ilionewa tu. Kompyuta ilikuwa ikifa zaidi Mama anapotengeneza picha za pasipoti kwa sababu programu ya picha hula RAM mpaka inafika kwenye ile biti iliyooza. Nilitoa kijiti, nikapiga Windows mpya (hii ilikuwa lazima, kwa kuwa ile ya zamani iliingizwa kupitia sumu), nikaondoa tena ile tiki ya kujiwasha upya, nikaibebesha kazi nzito kwa saa mbili: video, picha, vichupo thelathini. Haikutikisika. Nikanywa soda, nikatoa ile ahadi.

Asubuhi nilipofika skrini haikuwa ya bluu. Ilikuwa imeshawaka tena, inangoja neno la siri, kama vile hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimezuia isijiwashe upya baada ya skrini ya bluu, na bado ilijiwasha. Nikafungua Event Viewer: tukio namba 41, BugcheckCode sifuri. Umeme ulikuwapo, feni ya dukani ilikuwa inazunguka juu ya kichwa changu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kompyuta ile ilikuwa na vifo viwili, na mimi nilikuwa nimetibu kimoja. Tena nilikuwa nimetibu kile kipya. Kujizima kulianza Aprili. Kijiti kibovu kiliingia Juni. Tarehe hizo Mama alinitajia mwenyewe siku ya kwanza, na kitu kilichofika Juni hakiwezi kuwa kiliua mwezi Aprili. Nilizisikia, sikuzipanga.

Nikaomba daftari. Mama ana mkono mzuri wa kuandika madeni, hasahau hata shilingi hamsini, basi nikamwambia aandike kila kifo kama anavyoandika deni: saa ngapi, alikuwa anafanya nini, skrini ilionyesha nini, na kitu chochote kingine kilichotokea mle dukani. Hilo la mwisho niliongeza bila kulifikiria sana. Siku mbili baadaye nilikuta mistari mitano:

Saa 2:10. Nimetuma karatasi ya kwanza. Giza.
Saa 4:35. Nimetoka chai, nimetuma fomu. Giza, taa imekonyeza.
Saa 9:05. Baada ya kuswali. Karatasi ya kwanza. Taa imekonyeza.
Saa 2:20. Karatasi ya kwanza.
Saa 9:15. Kama jana.

Hakuna hata kifo kimoja cha katikati ya kazi. Mama alichapa kurasa sitini mfululizo bila tatizo. Kilichoua ni ukurasa wa kwanza, baada ya printa kulala.

Printa ya leza hubandika wino wa unga kwenye karatasi kwa kuukaanga. Ndani yake mna rola inayopashwa moto kufikia karibu nyuzi 200, na ikiamka kutoka usingizini kipasha moto chake huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, wati mia kadhaa hadi kukaribia elfu moja, kisha hutulia na kuwa kinavuta kidogokidogo. Ndiyo maana watengenezaji wa UPS, lile sanduku la betri la kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, huonya usichomeke printa ya leza upande wa betri. Kwa Mama ilikuwapo UPS, ila betri yake ilikufa zamani. Imebaki kuwa ekstensheni ya bei ghali. Kompyuta, printa, spika na chaja ya simu vyote vilikuwa kwenye ekstensheni moja nyeupe ya nyaya nyembamba, iliyopita nyuma ya kabati hadi kwenye soketi.

Niliweka multimita, kipimo cha umeme, pale. Printa ikiwa imelala, volti 224. Nikatuma ukurasa, ikashuka hadi 213, ikapanda, ikashuka tena, na taa ikakonyeza kama daftari lilivyosema. Nikaigusa plagi ya ekstensheni: ya moto. Nilipoifungua, mguu mmoja ulikuwa umeungua na bati la kushikia limelegea.

Ungeweza kuishia hapo, ubadilishe ekstensheni, uondoke. Mimi nilikuwa nimeshaungua mara moja. Volti 213 haitoshi kuua kompyuta nzima. Pawasaplai (sanduku ndani ya kompyuta linaloipa umeme) ya kawaida ya volti 230 imeundwa ifanye kazi hata ikishuka kukaribia 180. Hata umeme ukipotea kabisa kwa muda mfupi sana inapaswa kuvumilia, takriban milisekunde 16, kwa akiba iliyomo kwenye kapasita yake kubwa, kifaa kinachotunza umeme kwa kitambo. Kwa hiyo swali halikuwa tu kwa nini umeme unayumba, bali kwa nini mashine hii haivumilii.

Nilileta pawasaplai yangu ya majaribio tukapanga jaribio la mchana mzima, tukizima na kuwasha printa kila mara ili iwe imepoa. Pawasaplai ya zamani kwenye ekstensheni mbovu: vifo vitatu katika majaribio matano. Pawasaplai ya zamani kwenye soketi ya ukutani peke yake, printa ikibaki kwenye ekstensheni: hakuna kifo. Pawasaplai yangu kwenye ekstensheni ileile mbovu: majaribio ishirini, hakuna kifo. Mama alihesabu karatasi zilizopotea akasema nitazilipa. Nilizilipa.

Kwa hiyo hakukuwa na mwuaji mmoja. Ekstensheni ilikuwa inakata umeme kwa kitambo kifupi ambacho multimita haiwezi hata kukiona, kwa kuwa yenyewe husoma mara chache tu kwa sekunde. Pawasaplai nayo ilikuwa imeishiwa akiba. Ukiondoa mmoja, mwingine hajulikani kama ni mgonjwa.

Ile ya zamani niliiacha siku nzima bila umeme ndipo nikaifungua. Tafadhali, kama si kazi yako, usiifungue: kapasita kubwa iliyomo hubeba zaidi ya volti 300 na inaweza kukaa nazo baada ya kuchomoa waya. Upande wa kutokea, kapasita mbili vichwa vyao vilikuwa vimevimba kama andazi. Ile kubwa ilionekana nzuri kabisa kwa macho. Imeandikwa maikrofaradi 220. Kipimo kikasoma 52.

Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kilele kinakuja kila milisekunde 10, na kati ya kilele na kilele ni kapasita ndiyo inayoibeba kompyuta. Ikiwa na 220 inaweza kuruka vilele viwili vitatu bila kutetereka. Ikiwa na 52 inafika kilele kinachofuata ikiwa hoi. Plagi iliyolegea ikikosesha kilele kimoja tu, pawasaplai inaondoa ile ishara ya kuiambia madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, kwamba umeme ni mzuri, na madabodi inajiwasha upya papo hapo. Windows haikupata hata nafasi ya kuandika namba. Ndiyo ile sifuri niliyoipita.

Kapasita za aina hii huchakaa zote, na joto ndilo linaloziharakisha: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri hupungua kwa nusu. Feni ya pawasaplai ya Mama ilikuwa imejaa vumbi la karatasi, na nyuma ya kabati hakupiti upepo. Tena usidhani ni ugonjwa wa vitu vya bei rahisi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilivimba kwenye madabodi za kampuni nyingi duniani, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kugharamia kompyuta zilizoathirika.

Kuna aliyeniuliza kwa nini sikuishuku prosesa. Niliishuku dakika mbili. Prosesa ikikosea huelekea kuacha kosa la 0x124, ambalo kwenye daftari lingesomeka 292, na halikuwapo hata moja. Joto nalo halikupita nyuzi 71 kwenye kazi nzito. Prosesa huharibika, ingawa ni mara chache. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba baadhi ya prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikidhoofishwa na volti zilizozidi, wakatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Lakini hiyo ya Mama ni ya kizazi cha nne, imezeeka kwa amani.

Tuliyofanya mwishowe hayakuwa mengi: pawasaplai mpya, printa kwenye soketi yake ya ukutani, ekstensheni ikatupwa baada ya mimi kuikata waya ili asije mtu akaiokota. Betri ya UPS Mama aliikataa. "Niache nimalize mkopo wa kikundi kwanza, mwanangu." Sikumsukuma. Kijiti kingine cha RAM, cha kuziba nafasi ya kile kibovu, nilikipima usiku kucha nyumbani kabla ya kukiweka, na kile kibovu nilikirudisha kwa fundi wa kwanza, nikamweleza. Alikitazama, akacheka kidogo, akasema alikitoa kwenye kompyuta nyingine iliyokuwa "inazimazima".

Fedha za siku ya kwanza nilimkatia Mama kwenye bei ya pawasaplai. Niliona ni haki, kwa kuwa zile sifuri nane zilikuwa mbele ya macho yangu na nilizisoma.

Mwezi uliofuata alinipigia tena, usiku. "Fundi, imezima." Nikaketi kitandani. Akacheka. Nilipopita dukani kesho yake alinionyesha mstari mmoja mpya kwenye daftari, kwa mwandiko wake wa madeni: Saa 1:40 usiku. Giza. Taa pia. Na mtaa mzima.